Hati Kabla ya Nyumba: Ushauri kwa Anayerudi Gusii Kustaafu

Mtu aliyezaliwa Kebirigo, akasomea Nyamira na kuondoka kwenda Minnesota akiwa na miaka thelathini na kitu, anaweza kutua uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta akiwa na miaka 67 na kugongewa muhuri wa mgeni. Amepewa siku 90, haruhusiwi kufanya kazi, na muda ukiisha anatakiwa aondoke. Amekuja na masanduku manne na nia ya kuishi karibu na kaburi la babake mpaka siku yake ifike. Lakini mbele ya afisa wa uhamiaji yeye ni Mmarekani aliyelipia idhini ya kielektroniki ya kusafiri, ile eTA iliyochukua nafasi ya viza mwezi wa Januari 2024. Afisa hajamwonea. Amesoma pasipoti aliyokabidhiwa.

Wanaorudi Gusii, yaani Kisii na Nyamira, siku hizi ni wengi, na wengi wao walikuwa Brooklyn Park na Brooklyn Center huko Minnesota, wakitunza wazee wa watu wengine kwenye nyumba za kulelea, zamu za usiku, wikendi na sikukuu. Wengine wanatoka Texas, Massachusetts, Uingereza. Pesa zao zimejenga nyumba za ghorofa kutoka Suneka hadi Keroka. Nyumba hizo zina vigae, zina tangi la maji, zina chumba cha wageni. Kinachokosekana mara nyingi ni karatasi inayomruhusu mwenye nyumba kulala humo mwaka mzima bila kuhesabu siku, na nyingine inayosema ardhi iliyo chini ya nyumba ni yake. Kama una miaka kumi au mitano kabla ya kustaafu, ushauri wangu ni kwamba uahirishe ghorofa ya pili na ushughulikie hati kwanza. Hati huchukua miezi, nyingine miaka, na huwa ngumu zaidi kadiri wazee wanaokujua wanavyopungua.

Swali ambalo watu huniuliza ni viza gani ya muda mrefu inamfaa mstaafu anayerudi. Kwa mzaliwa wa Kenya jibu ni kwamba hahitaji viza yoyote, mradi uraia wake uko sawa. Kwa hiyo anza hapo.

Tarehe ya kukumbuka ni 27 Agosti 2010, siku katiba mpya ilipoanza kutumika. Chini ya katiba ya zamani, mtu mzima aliyechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake alikoma kuwa Mkenya. Hakuandikiwa barua wala hakuitwa popote; uraia wake ulikoma tu kisheria, hata kama pasipoti yake ya Kenya ilibaki kwenye droo ikiwa bado ina kurasa tupu. Katiba ya sasa imegeuza jambo hilo. Kifungu cha 16 kinasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine. Kifungu cha 14 kinampa yule aliyeupoteza zamani haki ya kuurejesha kwa kuomba.

Chukua cheti chako cha uraia wa Marekani, au wa Uingereza, au wa Kanada, usome tarehe. Kama uliapishwa kabla ya 27 Agosti 2010, wewe kisheria ulipoteza uraia wa Kenya na unapaswa kuomba kuurejesha. Usijidanganye kwa sababu uliwahi kusafiri na pasipoti ya zamani na hakuna aliyeuliza. Siku ya kuulizwa huwa ni siku unayohamisha shamba, au siku unayotaka kitambulisho kipya, au siku ndugu mmoja amekasirika na kwenda kusema ofisini kwamba wewe si Mkenya. Kama uliapishwa baada ya tarehe hiyo, hukupoteza kitu, lakini sheria ya uraia na uhamiaji ya mwaka 2011 inakutaka uitaarifu serikali kwamba una uraia pacha ndani ya miezi 3. Kutotaarifu ni kosa lenye faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Wengi hawajafanya hivyo. Fanyeni, hata mkiwa mmechelewa, na mfanye wenyewe kabla hamjaulizwa.

Wapo wanaoogopa kiapo cha Marekani kwa sababu kina maneno ya kukana utii kwa dola nyingine. Maneno hayo ni ya Marekani. Kenya ina utaratibu wake wa mtu kuukana uraia, nao hufanyika mbele ya serikali ya Kenya kwa maombi rasmi. Aliyekula kiapo Saint Paul baada ya Agosti 2010 bado ni Mkenya.

Maombi ya kurejesha uraia hupelekwa Idara ya Uhamiaji kwa mtandao au kupitia ubalozi, na mwenye karatasi kamili hana shida kubwa. Shida ni karatasi zenyewe. Wengi wa wanaostaafu sasa walizaliwa nyumbani miaka ya hamsini na sitini, mkunga akiwa nyanya wa jirani, na cheti cha kuzaliwa hakikuwahi kuwapo. Usajili wa kuchelewa unawezekana, na hapo utahitaji chifu, kitambulisho cha mzazi, cheti cha ubatizo cha kanisa la Wasabato au la Wakatoliki, na cheti cha shule. Kisha kuna majina. Huku uliandikwa kwa jina la ubatizo, jina la nyumbani na jina la baba. Kule ukaandikwa jina la mume mwishoni na la nyumbani likafupishwa kuwa herufi moja. Kwenye kitambulisho cha zamani kuna e mahali palipo na i kwenye pasipoti. Tafuta wakili akuandikie hati ya kiapo inayoyaunganisha majina yote hayo kuwa mtu mmoja, utengeneze nakala kadhaa, na uiweke pamoja na cheti cha ndoa. Mwanamke aliyeolewa mara mbili ahakikishe kila jina alilowahi kulitumia limo.

Ukiupata uraia, omba pasipoti ya Kenya na uingie nchini kwa hiyo hiyo. Ofisi ya pasipoti iliyofunguliwa mjini Kisii imewaondolea watu wetu safari ya Kisumu na Nairobi. Ukitoka Marekani toka na ya Marekani, ukifika Nairobi toa ya Kenya, na hapo habari ya siku 90 inakuwa imekwisha.

Watoto nao msiwasahau. Mtoto aliyezaliwa Minneapolis wakati baba au mama ni raia wa Kenya ni raia wa kuzaliwa, popote alipozaliwa, na katiba inasema hivyo hata kwa waliozaliwa kabla ya 2010. Lakini angalia mtego: kama wazazi wote wawili walikuwa tayari wameapishwa kuwa Wamarekani kabla ya mtoto kuzaliwa, na ilikuwa kabla ya Agosti 2010, siku ya kuzaliwa kwake hakukuwa na mzazi Mkenya. Mtoto huyo anahitaji ushauri wa wakili, hasa kama ndiye utakayemwachia shamba.

Sasa nieleze kwa nini naisisitiza karatasi hii moja ya uraia kuliko zote. Kwa Mkisii kustaafu maana yake ni kurudi kwenye udongo wa kwao, na udongo wenyewe ni haba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira, katika eneo dogo la vilima ambapo kila kipande kina mmiliki, mpaka na kesi. Kifungu cha 65 cha katiba kinasema asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa ukodishaji pekee, usiozidi miaka 99. Hati yoyote inayodai kumpa zaidi ya hapo itahesabiwa kuwa imempa miaka 99 na si zaidi. Wale waliokuwa na umiliki huru na tayari walikuwa wameacha kuwa raia siku katiba ilipoanza, umiliki wao ulirudi kwa Jamhuri na kugeuka kuwa ukodishaji.

Hilo ni la katiba. Chini yake kuna sheria ya udhibiti wa ardhi, ambayo ni kali zaidi kwa shamba la kilimo, na Gusii karibu kila mahali nje ya mji ni shamba la kilimo. Mauzo na uhamisho hupitia Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na bodi inatakiwa kukataa ikiwa anayepewa si raia wa Kenya. Mauziano yasiyopata ruhusa ya bodi ni batili. Ruhusa huombwa ndani ya miezi 6 tangu kuandikiana. Kwa hiyo mtu aliyeapishwa Marekani mwaka 2004, asirejeshe uraia, akanunua ekari moja ya majani chai karibu na Nyansiongo mwaka 2016, anaweza kuwa ameshika karatasi isiyo na nguvu huku akichuma chai kila wiki na kuipeleka kituo cha kununulia.

Njia ambayo watu huikimbilia ni kuandika shamba kwa jina la kaka au la mama. Siwasingizii ndugu, wengi wamelinda mali za wenzao kwa uaminifu mkubwa. Lakini kaka hufa. Akifa, shamba lililo kwa jina lake ni sehemu ya mirathi yake, na mjane na watoto wake wana haki ya kulidai hata kama kila mtu kijijini anajua pesa zilitoka wapi. Mahakama za Kisii na Nyamira zinazijua kesi za aina hii. Rejesha uraia, kisha hamisha kwa jina lako mkiwa wote hai na mnasalimiana.

Na kama ni ardhi ya urithi, yaani ile uliyoonyeshwa na baba kwa kupanda miti ya mpakani, nenda ofisi ya ardhi ukaangalie hatimiliki iko kwa jina la nani. Mara nyingi iko kwa jina la babu aliyefariki zamani. Hapo kunahitajika kesi ya mirathi, tangazo kwenye Gazeti rasmi la serikali, saini za warithi wote, na kwa kawaida miezi 6 ya kusubiri kati ya kupewa usimamizi na kuthibitishwa. Dada walioolewa ni warithi kama ndugu zao wa kiume. Sheria haitofautishi, na anayewaacha nje anajipandia kesi. Anza kazi hii mama angali hai. Yeye ndiye anayekumbuka jiwe la mpaka liko wapi na ni nani alibadilishana na nani kipande mwaka wa njaa.

Wanaotamani siasa nawaambia kwa ufupi: kifungu cha 78 hakimruhusu afisa wa serikali kuwa na uraia pacha. Ukitaka kugombea uwakilishi wa wadi au ugavana, utalazimika kuachana na ule wa pili, pamoja na yote yanayoutegemea ambayo nitayataja baadaye.

Vibali vya kuishi ni vya nani basi? Ni vya mwenzi asiye Mkenya. Umeoa Mmarekani au Mliberia, mmelea watoto pamoja, na yuko tayari kukufuata Bobasi au Borabu. Sheria inampa ngazi. Akiwa amekaa katika ndoa na raia wa Kenya angalau miaka 3 anaweza kuomba ukazi wa kudumu. Akifikisha miaka 7 anaweza kuomba uraia kwa kujisajili. Kabla ya hapo ataingia kama mtegemezi wako. Ona jinsi ngazi yote inavyoegemea jambo moja, kwamba wewe ni raia. Wewe ukiwa mgeni, naye hana mahali pa kushika. Ndoa nayo iwe na cheti. Ya kimila iliyofanyiwa Manga bila kusajiliwa isajilini kwanza.

Kibali cha daraja K ndicho kinachokaribia zaidi kile ambacho nchi nyingine huita viza ya kustaafu. Kanuni za mwaka 2012 zilikiweka kwa mtu wa miaka 35 na zaidi mwenye kipato cha uhakika kisichopungua dola 24,000 kwa mwaka, na asiyefanya kazi ya kuajiriwa. Hiyo ni dola 2,000 kila mwezi, na wapo wastaafu wengi waliotunza wagonjwa miaka ishirini ambao malipo yao hayafiki hapo. Kina ada, huisha muda, huombwa upya. Kinamfaa rafiki yako wa Ulaya anayependa baridi ya Kisii, au mwenzi ambaye ndoa yenu ni changa na ana pensheni yake mwenyewe. Ada za uhamiaji zimebadilika mara kadhaa tangu kanuni hizo zitoke, kwa hiyo zisome kwenye tovuti ya idara wiki ile ile unayolipa. Ila mzaliwa wa Nyamira anayelipia kibali K ili aishi Nyamira anakodi kilicho chake. Nimesikia mawakala wakiwauzia watu kibali hiki kwa sababu kina ada ya kila mara. Wakataeni.

Tuje upande wa pili, kule unakotoka, maana mlango huo nao hujifunga ukiachwa bila kuangaliwa. Mwenye kadi ya ukazi wa kudumu wa Marekani, ile grini kadi, hawezi kustaafia Kenya na kuendelea kuwa nayo. Akikaa nje zaidi ya mwaka bila kibali cha kurudia huchukuliwa kuwa ameuacha ukazi, na hata akirudi kabla ya mwaka afisa anaweza kumuuliza anaishi wapi hasa. Kibali cha kurudia hudumu miaka 2 na huombwa ukiwa bado ndani ya Marekani. Kwa hiyo kama bado una grini kadi na unakaribia kustaafu, apishwa kuwa raia kwanza. Kwa kawaida unahitaji miaka 5 ya ukazi, au 3 ukiwa umeolewa na raia na mnaishi pamoja, na katika ile mitano uwe umekuwa ndani ya nchi miezi 30. Safari moja inayozidi miezi 6 huvuruga hesabu, basi usiende kusimamia ujenzi kwa miezi minane halafu ukatuma maombi.

Akina mama waliokuja ukubwani na kuogopa mtihani wa Kiingereza wasikate tamaa. Mwenye miaka 55 aliyekuwa na grini kadi miaka 15, au mwenye miaka 50 aliyekuwa nayo miaka 20, huondolewa mtihani wa Kiingereza na anaweza kuulizwa maswali ya uraia kwa lugha yake kupitia mkalimani, iwe Kiswahili au Ekegusii. Nawajua wengi ambao hawajaambiwa hili.

Waliostaafu kutoka Uingereza wana mambo yao mawili. Ukazi wa kudumu usio uraia hupotea mtu akikaa nje miaka 2 mfululizo. Na pensheni ya serikali ya Uingereza, ikilipwa kwa mtu anayeishi Kenya, haipandi tena: kiwango cha siku ulipohama ndicho kitakachobaki, hata bei ya sukari ikipanda mara tano. Pigeni hesabu kwa kiwango hicho kilichoganda, cha miaka ishirini, kabla ya kujenga kitu kinachohitaji walinzi wawili.

Malipo ya Social Security ya Marekani humfuata raia hadi Kenya. Ili kuyapata unahitaji alama 40, karibu miaka 10 ya kazi iliyokatwa kodi. Kazi za kulipwa taslimu mkononi hazikuhesabiwa. Ukishakaa nje, ofisi hiyo hutuma fomu kwa posta kuuliza kama ungali hai na hali yako ikoje. Usipoirudisha, malipo husimama. Weka sanduku la posta unaloliangalia wewe mwenyewe, Kisii au Nyamira, usiache anwani ya shule ambayo mwalimu mkuu atahamishwa. Na usichanganye malipo haya na yale ya msaada kwa wenye kipato kidogo, SSI. Hayo hukoma mtu akikaa nje ya Marekani siku 30, na anayeendelea kuyapokea akiwa Keroka atadaiwa ayarudishe.

Bima ya Medicare hailipi hospitali za Kenya. Hapo kila mstaafu lazima aamue. Sehemu B ina malipo ya kila mwezi. Ukiiacha na baadaye ukataka kuirudia, utatozwa nyongeza ya asilimia 10 kwa kila miezi 12 uliyoikosa, na utaibeba maisha. Maoni yangu ni kwamba mwenye watoto kule, mwenye ugonjwa wa moyo au figo na anayeweza kupanda ndege, aendelee kulipa miaka michache ya kwanza. Baada ya hapo ataona kama kweli anarudi kutibiwa au anasema tu.

Huku jiandikishe SHA, mamlaka ya afya ya jamii iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mchango ni asilimia 2.75 ya kipato, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Bima ya binafsi itafute mapema, kwani kampuni nyingi husita kumpokea mteja mpya mzee. Halafu tembelea hospitali ukiwa mzima: ile ya Rufaa na Mafunzo mjini Kisii, ya Kaunti ya Nyamira, ya misheni Tabaka. Ujue ni ipi ina dawa yako na daktari wako siku gani. Kwa moyo watu wetu huenda Tenwek, Bomet, na si mbali. Mwenye kusafishwa figo mara tatu kwa wiki asijenge mahali ambapo mvua ya Aprili inakata barabara.

Kuhusu kodi nitasema machache. Raia wa Marekani hujaza fomu ya kodi kila mwaka popote aishipo, na akaunti zake za nje zikifika jumla ya zaidi ya dola 10,000 siku yoyote ya mwaka anatakiwa kuziripoti, pamoja na akaunti ya Sacco. Kenya nayo humhesabu kuwa mkazi wa kodi aliyekaa siku 183 ndani ya mwaka, au mwenye makao ya kudumu nchini aliyefika hata kwa muda mfupi. Nchi hizi mbili hazina mkataba wa kodi ya mapato. Mlipe mhasibu anayezijua zote mbili mara moja, kabla ya mwaka wa kuhama.

Ningependa pia mtu apange nyumba kwanza, Nyanchwa au Nyamataro mjini, akae msimu mzima wa mvua kabla ya kufunga nyumba kule ng'ambo. Aone umeme ukikatika. Aone ni wageni wangapi huja asubuhi kuomba karo. Miaka thelathini hubadilisha mtu, na kijiji pia kimebadilika. Wapo waliogundua kwamba wanataka kuishi mjini Kisii na kwenda shambani Jumapili, nao wako sawa kabisa.

Limebaki jambo la wale wanaosafirishwa kuelekea ng'ambo, wazee wetu. Mtoto wa kwanza ameapishwa, ana nyumba Brooklyn Park, na anataka kumchukua mama aliyebaki peke yake Ekerenyo. Familia hutafuta viza ya mama kustaafia Marekani. Haipo. Marekani haina viza ya kustaafu, na Uingereza iliyokuwa nayo kwa wenye kipato chao iliifunga mwaka 2008. Zilizopo kwa Marekani ni mbili: viza ya kutembelea, au grini kadi ya mzazi, ambayo huombwa na mtoto aliye raia na aliyetimiza miaka 21. Mtoto mwenye grini kadi tu hawezi kumwombea mzazi.

Watoto hupenda grini kadi kwa sababu inaonekana ni zawadi kubwa. Mimi kwa mama wa miaka 74 mwenye chai, ng'ombe wawili na kikundi cha akina mama kanisani, naona mara nyingi si karatasi yake. Inamtaka aishi kule. Theluji ikianza Novemba atakaa ndani ya nyumba yenye joto la mashine mpaka Aprili, watoto wakiwa kazini zamu mbili. Akirudi nyumbani kwa miezi minane kuangalia shamba, atakuwa anaweka ukazi wake hatarini kila mara. Medicare hawezi hata kuinunua kabla ya kuishi kule miaka 5 mfululizo, na mtoto aliyetia saini ya udhamini anabeba wajibu wa kifedha kisheria kwa miaka mingi. Grini kadi inamfaa mzee ambaye kweli hana mtu huku, au mgonjwa ambaye lazima awe karibu na binti yake, na ambaye mwenyewe amekubali kukaa.

Viza ya kutembelea humpa kwa kawaida hadi miezi 6 kila anapoingia. Tarehe inayotawala ni ile aliyopewa mpakani, iliyo kwenye rekodi yake ya I-94, wala si ile iliyochapwa kwenye viza. Ndugu wengi huchanganya hapo, mama akapitisha muda bila kujua. Akizidisha zaidi ya siku 180 kisha akaondoka hufungiwa miaka 3. Akifika mwaka, miaka 10. Nunueni bima ya safari kabla hajapanda ndege, maana kuanguka bafuni mara moja kunaweza kuleta bili ya kuuza shamba. Na aende majira ya joto, Mei hadi Septemba, arudi nyumbani akiwa na picha za wajukuu.

Kuna mpangilio mmoja ambao familia hukosea kwa kukosa kuambiwa. Ombi la grini kadi, fomu I-130, likishawasilishwa, hubaki kwenye rekodi. Mama akienda ubalozini Gigiri baadaye kuomba viza ya kutembelea tu, ataulizwa kama kuna aliyemwombea uhamiaji, na atajibu ndiyo, na afisa ana sababu ya kuamini hatarudi. Kwa hiyo kaeni naye kwanza. Aulizwe akiwa nyumbani kwake, mtoto aliye ng'ambo akiwa kwenye simu na wote waliobaki wakiwapo, anataka kuwaona wajukuu au anataka kuhama. Akisema kuwaona, ombeni viza ya kutembelea, na fomu ya I-130 isijazwe mpaka yeye mwenyewe abadili nia.